Nilizima televisheni barazani katikati ya mahojiano. Nilikosea?

Mwenye Baraza (Chake Chake)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba rai zenu, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniuliza mimi ni wa chama gani.

Nina baraza ya kahawa hapa Chake, Pemba, si mbali na soko. Mwaka wa 19 huu nauza. Wanaokuja kwangu ni wachuma karafuu, mafundi cherehani, walimu wa skuli wawili watatu, madereva wa gari za Wete na Mkoani wakishamaliza zamu, na wazee wa dhumna ambao hata mvua ikinyesha hawaondoki. Miaka 4 nyuma nilinunua televisheni ya inchi 43, nikaitundika ukuta usiopigwa na mvua. Nia yangu ilikuwa mpira.

Tangu kampeni zilizopita, baada ya Isha, watu wakawa hawataki tena mpira. Wanataka mahojiano. Mtangazaji mmoja na mwanasiasa mmoja, leo wa chama hiki, kesho wa chama kile. Kituo sikitaji wala mtu simtaji, kwa sababu vipindi vya namna hiyo siku hizi ni vingi na vyote vimefanana. Mtangazaji anauliza, mgeni hajafungua kinywa sawasawa, anakatwa: "Jibu ndiyo au siyo!" Mgeni anarudisha: "Wewe umetumwa." Basi hapo barazani watu wananyanyuka kwa kelele kama goli limeingia.

Mwanzo na mimi nilifurahi. Nilisema sasa viongozi wanaulizwa. Lakini nikaanza kuona mambo mawili. La kwanza, vikombe. Kikombe cha kahawa ni funda nne tano, mtu anakunywa ya moto anadai cha pili. Usiku wa mahojiano vikombe vinarudi vimejaa na kahawa imepoa. La pili, mikao. Zamani mtu alikaa pale penye mwenziwe wa dhumna au wa kazi. Kwa muda wa mwezi mmoja wakahama, hawa wote upande wa mlangoni, wale wote upande wa meko. Hakuna aliyewaambia wahame.

Sasa kisa chenyewe. Wateja wangu wawili ni mtu na shemegi yake. Mmoja kamuoa dada wa mwengine, huu mwaka wa kumi na kitu. Wana sakafu moja ya kuanikia karafuu waliyoijenga pamoja, saruji nusu kwa nusu. Usiku ule mgeni wa kwenye televisheni alipozungumzia wafuasi wa chama cha upinzani wake alisema, "Hawa si wenzetu." Nilimtazama mtangazaji. Nilidhani atamuuliza: unakusudia nani? Si wenzetu kwa nini? Wanakaa wapi, wamezaliwa wapi? Hakuuliza. Alitabasamu akasema, "Hapo umewapata," akaenda kwenye matangazo.

Shemegi mdogo akamgeukia mkubwa, akamwambia vile vile: "Umesikia? Nyinyi si wenzetu." Yule mkubwa akasimama, na kikombe mkononi.

Nikachukua rimoti nikazima.

Pakawa na zogo. Wa mlangoni wakasema nimezima kwa sababu mimi ni wa meko, wa meko wakasema nimezima kwa sababu mimi ni wa mlangoni. Wale wawili wakatoka, kila mmoja njia yake. Leo siku ya 11 hawajakanyaga hapa. Na juzi bibi yule, mke wa mmoja na dada wa mwengine, kapita kwangu kaniambia mumewe kahamisha karafuu zake kutoka sakafuni. Anaanika juu ya majamvi kando ya barabara, wakati vuli ndiyo hii inaanza. Anayejua karafuu anajua maana yake. Zikipigwa na mvua kabla hazijakauka hubadilika rangi zikashuka daraja, na kazi ya kupanda mikarafuu ukiwa na kamba kiunoni inakuwa bure.

Kwa nini natishika na jambo ambalo wengine wataliona dogo? Mwaka 1995, uchaguzi wa mwanzo baada ya vyama vingi kurudi, nilikuwa na miaka 15. Mnakumbuka matokeo ya urais wa Zanzibar: Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Baada ya hapo Pemba tulisusiana. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi hata kibiriti. Babu yangu alifariki mwaka uliofuata, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa wachache pale kijijini. Majirani aliowafundisha baadhi yao Kurani walisimama barabarani wakatazama jeneza likipita. Tulikuwa watu 9 wa kubeba. Kutoka nyumbani mpaka makaburini ni mwendo, tulibadilishana mabega njia nzima, na mimi mtoto nikabeba. Ile njia naikumbuka mpaka leo, kila mlango uliokuwa wazi na mwenye nyumba yumo ndani.

Ya Januari 2001, waandamanaji wa CUF walipopigwa risasi, wote tunayajua, waliouawa zaidi ya 30 na waliokimbilia Shimoni, Kenya, wapatao 2,000. Hakuna aliyeanza na bunduki. Yalianza na maneno ya mikutanoni, fulani si mwenzetu, fulani wa kuja, fulani mamluki.

Basi maswali yangu: nilikosea kuzima? Nikiwasha tena, niwashe vipi? Na mtu asiye msomi kama mimi atajuaje kwamba hili ni swali gumu ambalo kiongozi anastahiki kuulizwa, na hili ni kuni tu?

---

Sauti ya Zamani (Unguja Mjini)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimefanya kazi ya utangazaji tangu 1983 mpaka nilipostaafu, nitajibu hilo la mwisho kwa sababu ndilo ninalolijua.

Kwanza usidhani zamani kulikuwa kuzuri. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazinayo hata ya nyeupe na nyeusi. Lakini sisi tuliokaa mbele ya viongozi na vipaza sauti hatukuwa tunahoji. Waziri anasoma, mimi nimeshika kipaza sauti, akimaliza namshukuru. Kuna maswali niliyorudi nayo nyumbani miaka na miaka, na mengine waliostahiki kuulizwa wameshakufa. Hilo linaniuma. Kwa hiyo siungi mkono turudi kule.

Sasa tofauti. Mwezi wa Mei 1997 Uingereza, Jeremy Paxman wa BBC alimhoji Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani. Alimuuliza kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba ataipindua amri yake. Howard akazunguka. Paxman akarudia swali lile lile. Akarudia tena. Watu wamehesabu mara 12. Ule mkanda nimeutazama nikiwa kazini nikiwa na kalamu na karatasi, na nilichoandika ni hiki: hakumtukana hata mara moja, hakumgusia kwao wala wafuasi wake, na swali lilikuwa moja, dogo, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Joto lote lilitokana na jibu lililokosekana.

Hawa wa kwako wanafanya kinyume. Wanauliza maswali saba kwa dakika moja, hakuna hata moja linalosubiriwa. Kuhoji kweli ni kazi ya faili. Unasoma hotuba za mtu za miaka mitatu, unakuja na tarehe, unamsomea maneno yake mwenyewe, halafu unanyamaza. Kimya ndicho kinachomtoa mwanasiasa jasho. Kupiga kelele hakuhitaji kusoma chochote, na kunatoa kipande cha nusu dakika cha kurushwa kwenye simu. Sikuhizi kipindi kinatengenezwa kwa ajili ya kile kipande.

Kipimo changu kwako wewe wa barazani: kipindi kikimalizika, uliza watu "amejibu nini?" Wakiweza kukwambia, hata kwa kubishana, yalikuwa mahojiano. Wakikwambia tu nani kampiga nani, umejua.

Na lile la "si wenzetu", mtangazaji alikosa kazi yake pale pale. Hilo ndilo lilikuwa swali la usiku mzima na aliliacha likapita.

---

Kijana wa Machomane

Ami, kwa heshima zote, mimi naona ulikosea. Na mimi ni mmoja wa hao washangiliaji unaowazungumzia, ingawa si barazani kwako.

Nyinyi wakubwa mmeishi kwenye nchi ambayo gazeti binafsi la Dira la hapa Zanzibar lilifungiwa Novemba 2003 watu wakalinyamazia. Januari 2016 tukaambiwa Bunge halitaoneshwa tena moja kwa moja kama zamani. Sisi tumekua tunajua kiongozi ni mtu wa kukata utepe. Januari 2019 nilimuona Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani, kwenye HARDtalk, kipindi cha mahojiano makali cha BBC, na mtangazaji Stephen Sackur, akiwa bado kwenye matibabu ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017, na hata yeye hakupewa maswali mepesi. Nilisema kumbe mtu unaweza kumpenda na bado ukamtaka ajibu. Tulikaa kwenye simu moja watu sita tukasikiliza mpaka mwisho.

Kaka yangu amezaliwa hapa, baba amezaliwa hapa, na kahangaika na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi afisi moja hadi nyengine, njoo kesho njoo keshokutwa, mpaka daftari la wapigakura likafungwa. Nani atamuuliza kiongozi swali lile kwa upole akajibiwa? Upole tumeshaujaribu. Mimi mtu akimkata kauli kiongozi moyo wangu unapoa, nasema kweli.

Na wale wawili hawakugombanishwa na televisheni. Mtu hawezi kuhamisha karafuu zake kwa neno moja. Kuna kitu kilikuwepo, neno likakikuta. Ukizima televisheni watatazama kwenye simu, kila mtu peke yake na wa upande wake peke yao. Barazani angalau walikuwa chumba kimoja.

Ila hilo la "amejibu nini" la mzee hapo juu nalikubali. Nimejaribu kujikumbusha mahojiano matatu niliyoyashangilia mwezi uliopita, sikumbuki jibu hata moja.

---

Bi Mkubwa wa Limbani (Wete)

Mwanangu mwenye baraza, sisi wanawake hatukai barazani lakini moto wenu unakuja kumalizikia jikoni kwetu.

Dada yangu aliachwa mwaka 1996. Talaka moja, kwa sababu alikwenda harusini kwa watu wa chama kile. Alikuwa na watoto wanne. Mumewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitoka mkutanoni kila jioni kichwa kimejaa. Alimrejea baada ya miezi miwili, kabla eda haijakwisha, lakini watoto walishaona. Kisimani kwetu kulikuwa na zamu. Hawa asubuhi, hawa mchana jua kali. Mtu anampita mama mkwe wake na ndoo kichwani hamsalimii.

Ilivyokuja kupoa wengi wanasema ni viongozi. Ni kweli, Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokaa pamoja sote tulishusha pumzi, na kura ya maoni ya Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa, ikapita kwa asilimia 66.4. Lakini mimi nakwambia nilichokiona kwa macho yangu hapa Limbani. Kabla ya hapo kulikuwa na wanawake watatu hawakuacha kupelekeana futari. Kila Ramadhani, chano kimefunikwa kawa, kinatoka nyumba hii kinaingia ile, na watu wanatazama wanasonya. Maridhiano yalipokuja yalikuta njia ile haijaota majani.

Kwa hiyo mimi sina habari na televisheni yako, washa au zima. Wewe umekaa siku 11 unaandika kwenye mitandao na watu wawili hawajanywa kahawa. Chukua birika. Nenda kwa mkubwa kwanza, maana ndiye aliyetukanwa. Usizungumze siasa, usizungumze usiku ule, usimuombe asamehe. Zungumza karafuu. Mwambie mvua inakuja. Kisha nenda kwa mdogo umwambie hayo hayo. Na yule bibi aliye kati yao usimtume kupeleka maneno, keshabeba vya kutosha.

---

Mpemba wa Mbali

Niko Marekani mwaka wa 14, naendesha lori. Nachangia kidogo tu kwa sababu huku nimeona linakokwenda.

Huku kulikuwa na kanuni tangu 1949 iliyovitaka vituo vya redio na televisheni viguse mambo yenye mabishano na vitoe nafasi kwa rai zinazopingana. Ikafutwa 1987. Mwaka 1996 vikaanza Fox News na MSNBC, na polepole kila upande ukapata chaneli yake. Kulikuwa na kipindi cha CNN, Crossfire, wa kulia na wa kushoto wanagombana kila siku tangu 1982. Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alialikwa, badala ya kuchekesha akawaambia watangazaji uso kwa uso kwamba wanaiumiza nchi. Miezi michache baadaye kikaondolewa. Ugomvi haukuondoka nacho, ulihamia chaneli nyengine ambako hakuna hata wa kukujibu.

Kinyozi wangu huku kabandika karatasi dukani: hapa mpira wa kikapu tu. Wateja wake bado wanakaa pamoja. Lakini nakubaliana na kijana wa Machomane, maswali yao magumu hayana pa kuulizwa pale, na hilo nalo ni hasara.

---

Mwenye Baraza (Chake Chake)

Nimerudi. Nashukuru mno, nimesoma kila neno, mengine nimeyasoma kwa sauti barazani.

Kijana wa Machomane, umenigusa. Kweli kilikuwepo kitu. Nimekuja kujua kwamba msimu uliopita waligombana juu ya magunia mawili ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nani kauza na hakugawa. Hawakuambizana. Kila mmoja alikaa nalo mpaka neno la televisheni likampa pa kulitolea. Na la kitambulisho cha kaka yako ningependa sana nimuone waziri akiulizwa mara 12. Siku hiyo televisheni yangu haizimwi hata nyumba ikiungua.

Bi Mkubwa, nilifanya ulivyosema siku ile ile niliyokusoma. Nilikwenda na birika na kashata. Mkubwa alinipokea ukumbini, tukazungumza mvua, tukazungumza kamba ya kupandia iliyochakaa. Hakumtaja shemegi yake hata mara moja. Nilipoaga akaniuliza, "Na yule, majamvi yake anayafunika na nini?" Nikamwambia sijui. Kwa mdogo nilimkuta barabarani pale pale anageuza karafuu kwa mguu. Alinipa mkono lakini kahawa hakunywa, alisema amefunga. Ilikuwa Jumatatu, yawezekana.

Televisheni nimeiwasha tena, juzi. Nimewaambia watu mapema: mahojiano tutatazama, yakimalizika sauti nazima na kila upande uniambie mgeni amejibu nini, wa meko waeleze majibu ya mgeni wa mlangoni, wa mlangoni waeleze ya mgeni wa meko. Asiyeweza kueleza asubiri mpaka mwenziwe amalize. Usiku wa kwanza waliguna. Mwalimu mmoja wa skuli ndiye aliyeanza, akaeleza majibu ya mtu asiyempenda vizuri kiasi kwamba wa upande ule wakamwambia umetuelezea kuliko yeye mwenyewe. Kisha tukakuta kati ya maswali yote yale mgeni kajibu mawili. Mzee mmoja wa dhumna akasema basi tuandike yale yasiyojibiwa. Tumeyaandika kwenye daftari langu la madeni, kurasa za nyuma. Yako 9 mpaka jana. Hatujui tutayapeleka kwa nani, lakini yapo.

Mkubwa alikuja jana baada ya Isha, akakaa upande wa dhumna. Mdogo bado. Lakini alfajiri ya leo mvua ilishuka ghafla, saa 10 na kitu, na nilipopita kwenda sokoni majamvi hayakuwepo barabarani. Nimepita njia ya sakafuni makusudi. Kulikuwa na turubai mbili zimeungwa kwa kamba, moja ya kila mmoja, na chini yake karafuu zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo.